Wanaotoka Ndio Wanaoandikwa

Icecast, programu ya seva inayorusha redio kwenye intaneti, haimwandiki msikilizaji anapoingia, humwandika anapotoka. Mtu akifungua redio yetu asubuhi akiwa Brussels, akaiacha ikiimba ofisini hadi jioni, faili ya access.log, yaani logi au daftari la seva, haitakuwa na habari zake kutwa nzima. Mstari wake utaonekana atakapozima kompyuta, na mwisho wa mstari huo kutakuwa na idadi ya sekunde alizokaa. Ni mlinzi wa lango anayeandika daftarini wageni wanaoondoka tu. Ukimuuliza ndani kumebaki nani, anakukodolea macho.

Naanza na hilo kwa sababu maelezo mengi ya kuchambua logi za matangazo ya moja kwa moja hulipita mbio, halafu msomaji anajitungia skripti safi inayojibu swali ambalo hakuliuliza.

Mimi nashughulikia upande wa intaneti wa redio moja ndogo hapa Lubumbashi. Studio iko Kamalondo, mtaa wa uwanja wa TP Mazembe, na siku za mechi hata kuingiza gari ni kazi. FM yetu inafika mitaa ya hapa mjini ya Kenya, Katuba na Rwashi bila taabu. Intaneti ni kwa ajili ya waliotawanyika: Likasi, Kolwezi, Kinshasa, Afrika Kusini, Ubelgiji. Mkurugenzi, ambaye sote tunamwita Papa, hupita nyuma ya kiti changu kila kipindi cha jioni kinapoanza na kuniuliza, "Beko bantu ngapi?"

Swali la Papa halihitaji skripti ya maana. Tangu toleo la 2.4, Icecast ina ukurasa uitwao status-json.xsl unaosema kila mkondo una wasikilizaji wangapi kwa wakati huo. Ukiuuliza kila baada ya sekunde 10 na kuandika jibu pamoja na saa, umemaliza. Mistari michache ya Python. Papa anapata namba yake, anafurahi au ananuna, anaenda zake.

Swali langu mimi ni jingine. Wasikilizaji wakipungua ghafla katikati ya kipindi, tatizo liko kwetu au liko kwao? Studioni hakuna anayeweza kulijibu kwa masikio. Mtangazaji anajisikia kupitia meza ya sauti, na redio ndogo pale dirishani inashika FM. Mtiririko wa intaneti unaweza kuwa umekufa robo saa nzima na watu wanaendelea kucheka hewani, hadi mtu wa Kinshasa apige simu. Skripti niliyoiandika kazi yake ni kumtangulia huyo mpigaji simu.

Mstari mmoja wa logi ya Icecast unafanana hivi (anwani ya IP ya msikilizaji, ile namba ya mwanzo, nimeiweka ya mfano):

203.0.113.24 - - [14/Nov/2024:17:02:11 +0000] "GET /jioni.mp3 HTTP/1.1" 200 4881024 "-" "VLC/3.0.20 LibVLC/3.0.20" 301

Saa iliyoandikwa ni ya kutoka. Toa sekunde 301 na utapata saa ya kuingia. Hapo mtu huyu aliingia saa 16:57:10 kwa saa ya seva, yaani 18:57:10 ya Lubumbashi, akaondoka dakika mbili baada ya habari za saa moja jioni kuanza. Huenda alikuja kwa ajili ya muziki. Kwa hesabu hiyohiyo, logi ya siku nzima ikishakamilika unaweza kujenga upya ni wangapi walikuwa ndani kila dakika. Kwa kazi ya baadaye inatosha kabisa. Wakati kipindi kinaendelea, haikusaidii.

Namba ya baiti nayo ina maneno yake. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde ni baiti 16,000 kwa sekunde. Icecast humpa msikilizaji mpya mzigo wa mwanzo wa baiti 65,535 kwa mkupuo ili sauti ianze upesi. Huo ndio mpangilio wake wa kawaida. Toa mzigo huo kwenye 4,881,024, gawanya kwa 301, na unapata karibu 16,000 kamili. Mtu huyu alisikiliza bila kukwama. Ukikuta mwingine ana baiti 11,000 kwa sekunde, ujue alikuwa akisikiliza vipande, na kuondoka kwake si kwa sababu ya muziki wala habari.

Amri ya kwanza niliyotumia ilikuwa awk tupu, programu ndogo ya kuchambua maandishi. Aho, Weinberger na Kernighan waliitengeneza mwaka 1977 kule Bell Labs, na mpaka leo sioni kitu kinachoishinda kwa swali la haraka. Jina la programu ya msikilizaji lina nafasi ndani yake, kwa hiyo ukihesabu safu kutoka kushoto utapotea. Lakini sekunde ziko mwisho daima, na $NF ya awk ni safu ya mwisho. Mstari mmoja wa amri ukanionyesha nani alikaa chini ya dakika moja. Nilihamia Python nilipotaka kukumbuka yaliyotokea nusu dakika iliyopita, maana hapo awk inaanza kuwa fumbo ambalo mwezi ujao hata mwenyewe utashindwa kulisoma.

Kufuata logi ikiwa inaandikwa kunaonekana jambo jepesi: tail -f, amri inayoonyesha kila mstari mpya wa faili, basi. Kuna mitego miwili, na yote miwili ni ya kimyakimya, haitoi ujumbe wa kosa. Wa kwanza ni kuzungushwa kwa faili. Icecast ikiwekewa ukomo wa ukubwa wa logi, faili ikijaa inapewa jina jipya na nyingine inafunguliwa. tail -f inabaki imeshika faili ya zamani, ambayo haitaandikwa tena milele. Skripti yako iko hai, kioo kinang'aa, na hakuna kinachoingia. Herufi kubwa ndiyo dawa: tail -F hufuata jina la faili, si faili iliyoshikwa mwanzo. Na kwa kuwa faili hujaa kulingana na wingi wa wasikilizaji, mtego huo hupenda kufyatuka jioni ya kipindi kikubwa kuliko vyote.

Wa pili ni bafa, hifadhi ya muda ndani ya programu. Programu nyingi zinapoandika kwenye kioo hutoa kila mstari papo hapo, lakini zikiandika kwa programu nyingine kupitia bomba, hukusanya kwanza maelfu ya baiti ndipo zitoe. Usiku kukiwa na wasikilizaji wachache, mistari inaweza kukaa humo muda mrefu sana. grep, ile ya kutafuta maneno, inahitaji --line-buffered. Kwenye Linux ya Debian, awk unayoikuta kwa kawaida ni mawk, na yenyewe hukusanya hata inachosoma, mpaka uiambie -W interactive. Python inahitaji flush=True kwenye print, au uiite kwa -u. Anayesema skripti yake "inachelewa kidogo" namwambia aangalie bafa kabla ya kulaumu intaneti.

Sasa saa. Seva yetu tumeikodi Ujerumani, na ilikuja imewekwa saa za kule. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Ujerumani na ya Lubumbashi ni ileile, UTC+2, yaani saa mbili mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Kisha wenzetu wanarudisha saa nyuma na sisi tunabaki tulipo. Ghafla kipindi cha saa moja jioni kinaonekana kimeanza saa kumi na mbili, na usiku huo wa kubadilisha saa, saa nzima moja inaandikwa mara mbili katika logi. Ongeza kwamba Kinshasa wenyewe wako UTC+1, saa moja nyuma yetu mwaka mzima, ndani ya nchi hiyohiyo. Msikilizaji wa kule akisema "mlikatika saa kumi na mbili" anasema dakika ileile ninayoiita saa moja. Seva inakaa UTC, bila mjadala. Kugeuza ni kazi ya sehemu ya mwisho ya skripti, ile inayoonyesha matokeo kwa binadamu.

Tuje kwenye moyo wa kazi: namna watu wanavyotoka.

Kipindi kikiisha, watu huondoka kwa dakika nyingi, wachache wachache. Ukichora, ni mteremko. Hakuna cha kupigia kengele.

Studio ikikatika, wote huanguka pamoja. Icecast inasubiri chanzo cha sauti kwa sekunde 10. Kikikaa kimya zaidi ya hapo, inakitoa, na faili ya error.log inaandika "Disconnecting source due to socket timeout". Kama hakuna mkondo wa akiba, wasikilizaji wote wanamwagwa, na access.log inajaa mistari yenye saa, dakika na sekunde zilezile. Huo ndio wakati pekee ambapo daftari la wanaotoka linasema kweli yote kwa mkupuo.

Mtandao mmoja wa simu ukisuasua, picha ni ya tatu. Msikilizaji hapokei haraka kama tunavyotuma. Icecast inamwekea foleni ya baiti 524,288, na foleni ikijaa inamwondoa na kuandika "has fallen too far behind, removing". Kwa kilobiti 128, foleni hiyo ni kama sekunde 33. Kwa hiyo watu wa mtandao huo hawaanguki sekunde moja. Wanaanguka kwa kufuatana ndani ya nusu dakika au zaidi, huku wa mitandao mingine wakiendelea kusikiliza kama vile hakuna kitu. Mstari huohuo hutokea pia simu inapozimika ghafla bila kuaga, betri imekwisha au mtu ameingia mahali pasipo na mtandao: seva inaendelea kumtumia asiyepo mpaka foleni ijae. Ndiyo maana sekunde za mwisho wa mstari huzidi kidogo muda aliosikiliza kweli.

Skripti, basi, inatunza dirisha la sekunde 60. Kila anayetoka anaingizwa kwenye deque, foleni ya Python yenye milango pande mbili, pamoja na saa yake na mtandao wake. Aliyezidi sekunde 60 anatolewa upande wa pili. Mtandao ninaujua kwa kundi la anwani: nilitafuta makundi hayo kwenye hifadhidata ya AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, nikayaweka katika faili ndogo ya maandishi, na skripti inaisoma inapoanza. Kuuliza whois, huduma inayosema anwani ni ya nani, kwa kila msikilizaji wakati kipindi kinaendelea ni kujitafutia kufungiwa.

Kengele hailii kwa idadi, inalia kwa sehemu. Theluthi moja ya waliokuwa ndani wakiondoka katika sekunde 15, na wasipungue watano, skripti inaangalia ni akina nani. Wametoka mitandao yote? Sisi. Wengi wao wa mtandao mmoja? Wao. Hilo sharti la watano ni la usiku wa manane, wakati wasikilizaji sita wanabaki na wawili wakienda kulala unaweza kudhani dunia imeisha. Skripti inakaa kwenye seva Ujerumani, si studioni, maana intaneti ya studio ikifa haiwezi kutuma habari za kifo chake. Ujumbe unakuja kwa simu yangu na ya fundi wa zamu.

Matunda ya kwanza hayakuwa ya kiprogramu. Msimu wa mvua hapa, kuanzia Novemba hadi karibu Aprili, radi na umeme wa mji haviivi chungu kimoja. Tulikuwa tunaamini kwamba umeme ukikatika, jenereta inawaka upesi na intaneti haiathiriki sana. Logi ikaonyesha wasikilizaji wote wakianguka pamoja, kisha kimya cha dakika kadhaa, kisha robo tu yao wakirudi. Jenereta ilikuwa inawaka upesi kweli. Kilichokuwa kinachelewa ni ruta, ambayo kila umeme ukiyumba ilijianzisha upya na kuchukua muda wake kutafuta mtandao. Betri ndogo ya kuibebea ruta peke yake ikamaliza sehemu kubwa ya ugomvi ambao tulikuwa tunamtupia kila mtu isipokuwa ruta.

Kisha tukaweka mkondo wa akiba: chanzo kikuu kikitoweka, Icecast inawahamishia wasikilizaji kwenye muziki uliohifadhiwa, na kikirudi inawarudisha. Kwa msikilizaji ni neema. Kwa skripti ilikuwa balaa, maana sasa studio ikikatika hakuna anayetoka, na daftari linakaa tupu kana kwamba mambo ni shwari. Ilinibidi niongeze ukaguzi wa status-json.xsl: kama mkondo mkuu hauna chanzo, piga kengele hata kama hakuna aliyeondoka. Kila ukiboresha usikilizaji, logi yako inabadilika maana, na skripti ya jana inaanza kukudanganya kwa sauti ileile ya kujiamini.

Picha ile ya tatu ndiyo iliyotufanya tufungue mkondo wa kilobiti 48. Hapa watu wananunua mega, na wanazihesabu. Kilobiti 128 hula megabaiti 57.6 kwa saa. 48 hula 21.6. Hilo lilijulikana. Ambalo hatukulifikiria ni foleni: baiti 524,288 zilezile, kwa kilobiti 48, ni kama sekunde 87. Msikilizaji wa mtandao unaoyumba anapata karibu mara tatu ya muda wa kujikwamua kabla seva haijamkatia tamaa. Waliohamia huko wanakaa zaidi, na naona hivyo kwa thamani ya katikati, si kwa wastani. Wastani huharibiwa na yule bwana wa Brussels na kompyuta yake ya ofisini. Mmoja kama yeye anawafanya watu kumi wa sekunde 40 waonekane waaminifu.

Kuhesabu vichwa ni jambo ambalo siku hizi sigombani nalo. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo anwani moja inaweza kuwa basi zima. Upande wa pili, mtu mmoja anayetoka Rwashi kwenda mjini anaweza kubadilisha anwani njiani na akaonekana wawili. Simu za Apple kabla ya kuanza kusikiliza huomba kwanza baiti mbili tu kupima, na ombi hilo nalo linapata mstari wake. Ukiona AppleCoreMedia yenye sekunde sifuri, si mtu aliyechukizwa. Ninachofanya: mistari ya chini ya sekunde 5 naitupa, na anwani pamoja na programu ileile ikirudi kabla ya dakika mbili naihesabu ziara moja. Papa aliwahi kuuliza kwa nini namba yangu ni ndogo kuliko ya seva. "Papa, ile ya seva inahesabu milango. Mimi najaribu kuhesabu watu." Hakuipenda, lakini tangazo letu kwa wafadhili linatumia namba ndogo.

Anwani hizo si zangu za kuchezea. Kipindi cha jioni kina siasa, na mtu anayesikiliza ana haki ya kusikiliza bila kuandikwa. Sheria ya dijitali ya nchi yetu (Code du numérique), sheria-amri nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu inayohusu data za watu binafsi, lakini hata bila hiyo jibu lingekuwa lilelile. Skripti inabadilisha kila anwani kuwa mchanganyiko wa herufi kwa kutumia siri inayobadilika kila siku, inahifadhi jina la mtandao na sekunde, na logi ghafi inafutwa baada ya wiki.

Kilichobaki ni video. Jumapili tunatoa picha kwa HLS, njia ya kurusha video vipande vipande, kupitia seva ya wavuti ya Nginx, na logi yake ni mnyama mwingine. HLS, ambayo Apple ilianzisha mwaka 2009, haina kuingia wala kutoka: kila mtazamaji anaomba kipande kimoja baada ya kingine, kwetu kila kipande ni sekunde 6. Hapo logi inaandika kila anayeendelea kutazama: gawanya maombi ya vipande ya dakika moja kwa 10 na una makadirio ya watazamaji, isipokuwa mwanzoni, kwa kuwa kicheza video huchukua vipande kadhaa kwa pamoja ili kujiwekea akiba. Nginx pia inaweza kuandika $request_time, muda ambao ombi limechukua, na kipande cha sekunde 6 kinachochukua sekunde 8 kufika ni mtazamaji anayeangalia duara likizunguka. Msimbo 499, ambao Nginx ilijitungia yenyewe, unamaanisha mteja amekata kabla hajajibiwa. Ukiongezeka kwa mtandao mmoja, ni ile picha ya tatu tena kwa sura nyingine. Nikimaliza sehemu hiyo nitaweka hapa skripti zote mbili pamoja na ile faili ya makundi ya anwani, ili mwenye redio Likasi au Kolwezi aanzie nilipofika.